Nyota Haikuwa na Kosa

Mwanangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana najua tabia yako ya kusoma umesimama mlangoni huku sufuria inaungua jikoni. Kaa kwanza. Mimi huku ni mzima, tena mzima kuliko nilivyoondoka, na hilo nitalieleza zamu yake ikifika. Mtoto wako naye ni mzima. Nimeliandika hilo juu kabisa ili usirukeruke mistari kulitafuta. Je, wewe hujambo? Ule mguu unaokuuma asubuhi umepoa, au bado unaupaka dawa za kuambiwa na majirani? Mkwe wangu msalimie. Na wale wapangaji wa nyuma, wameacha kumwaga maji ya kufulia njiani? Waambie nikirudi nitawauliza mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe unasema manne, na nikisema mtoto amekonda unaanza kulia, basi tunabaki tunasikilizana kwikwi. Karatasi haimkatizi mtu. Halafu kuna jambo ambalo siwezi kulisema huku nasikia unavyovuta pumzi. Shule nilikaa muda mfupi, hilo hunikumbusha kila tukigombana, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifia mbele ya darasa zima. Utautazama huu mwenyewe, kisha utaniambia.

Sasa tuje kwenye kazi uliyonituma. Ulinituma nije nimwangalie Chiriku. Ulisema mtoto hapokei simu, akijibu ujumbe anajibu neno moja tu, na mtoto ambaye tulimpa jina la ndege kwa sababu ya kelele zake hawezi kunyamaza hivi hivi. Ulisema ni ugonjwa, au mimba, au mwanamume, au vyote vitatu kwa pamoja. Mimi nikafunga kibegi changu nikapanda basi.

Nilimkuta kituoni amenisubiri. Amekonda, sikufichi. Mashavu yameingia ndani na macho yamekuwa makubwa kama ya mtu aliyepigiwa kelele usingizini. Akanikumbatia, akanipokea mzigo, akanyamaza. Chumba chake kiko ghorofani, kina dirisha moja linalotazama maegesho ya magari, meza imejaa vikombe vyenye chai iliyokauka chini, na jokofu lake lilikuwa na limau moja na betri. Nikamwuliza betri inafanya nini kwenye jokofu, akasema hajui.

Siku ya kwanza alipokwenda kazini nilifanya upekuzi. Usinilaumu, wewe ndiye uliyenituma. Nilitazama chini ya kitanda kama kuna viatu vya mwanamume, nikapata soksi moja ya kwake mwenyewe na vumbi la kutosha kupanda mchicha. Nilinusa mashuka. Nilitazama dawa bafuni, nikaona mswaki na mafuta ya nywele. Asubuhi nilisimama mlangoni pa bafu kusikiliza kama anatapika. Hatapiki, anaoga huku anaongea peke yake, na anachoongea ni hesabu. Nikajua hapa hakuna mwanamume. Mwanamume angalau angekunywa ile chai.

Nikaanza kumpikia. Unajua mimi na mchele, hakuna mtu mtaani kwetu anayechambua mchele kama mimi. Basi tukakaa kula, na tonge la pili tu nikasikia kach, jiwe kwenye jino lake. Akalitoa polepole, akaliweka pembeni ya sahani, akaendelea kula. Nikamwambia wauza duka wa huku ni wezi, wanachanganya kokoto na mchele, kesho nitakwenda kumweleza yule bwana mpaka afunge duka. Akaniangalia sana, akasema hewala Bibi. Hilo jiwe liweke akilini, nitalirudia.

Kazi yake, mwanangu, wewe huwaambia watu kwamba ni mwalimu wa nyota, na mimi huwaambia majirani kwamba amegundua dunia mpya huko juu. Sote tulikuwa tunasema tusichokijua. Nilimwambia anipeleke nikaone, akakataa, nikamwambia sikusafiri kote huko kuja kutazama maegesho ya magari. Akanipeleka.

Pale kazini kwao kila Alhamisi alasiri wana mazungumzo. Mmoja anasimama mbele anaeleza alichokichunguza, wengine wanakaa kwenye viti vya kupanda ngazi kama uwanja wa mpira, wanamsikiliza halafu wanamrarua. Hakuna neno lingine, wanamrarua. Kabla ya hapo wanakunywa chai pamoja, wanachekeana, wanaulizana watoto. Wakiingia ukumbini ni kama hawajawahi kuonana.

Alhamisi ya kwanza alisimama bwana mmoja mwenye tai iliyopinda, akazungumzia mwezi. Si mwezi wetu, ni mwezi wa sayari nyingine, eti nazo zina miezi yao. Akasema mwezi huo umefunikwa na barafu, na chini ya barafu kuna bahari. Nikamwinamia jirani yangu wa kiti nikamwuliza kama huyu bwana amefika huko. Hajafika. Kuna aliyefika? Hakuna. Sasa amejuaje? Jirani akanieleza kwa upole kwamba chombo kilipita karibu, kikaona mwezi ule unayumba kidogo kama yai bichi ukilizungusha mezani, na yai lililochemshwa haliyumbi hivyo. Hapo nikakubali, kwa sababu yai ninalifahamu.

Kitu kimoja nilikigundua haraka. Watu hawa wanasema "huenda" kuliko watu wote niliowahi kuwasikia. Huenda kuna bahari, huenda ina chumvi, huenda tunakosea. Mganga angesema huenda mara nyingi hivyo angekufa njaa. Na mstari wa mbele kabisa kuna mzee wanamwita Mzee Sinzia, profesa wao mkubwa, aliyelala fofofo kofia ikiwa gotini tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Nikasema moyoni, afadhali huyu ananielewa. Lakini yule bwana wa tai alipomaliza, Mzee Sinzia akafumbua macho na kuuliza swali moja, na yule bwana akaanza kutoka jasho. Chiriku aliniambia baadaye kwamba ndivyo alivyo, hulala ukimwaga mchele na kuamka palipo na jiwe.

Kwa nini namtaja? Kwa sababu Alhamisi iliyofuata aliyekuwa asimame mbele yake ni mtoto wako.

Siku chache kabla ya hapo, asubuhi, nilikuwa jikoni nakoroga uji. Chiriku akaja akakaa sakafuni kama alivyokuwa akikaa mdogo, mgongo umeegemea kabati. Akaniambia, Bibi, ile dunia mpya haipo.

Nikazima moto. Akaanza kueleza, na safari hii Chiriku alikuwa Chiriku kweli, maneno yalimtoka mfululizo. Nitakueleza kama nilivyoelewa. Hizo sayari za mbali hakuna anayeziona. Wanachoona ni nyota tu, nukta ya mwanga. Wanaitazama kwa darubini miezi na miezi, na kamera inapima mwanga wake. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, mwanga unapungua kidogo sana, kama inzi akipita mbele ya taa kubwa ya uwanja wa mpira. Wakichora mchoro, mstari unakwenda sawasawa, unashuka kibonde, unapanda tena. Kibonde hicho kikirudi kwa mpango, kila baada ya muda ule ule, wanasema hapo pana kitu kinazunguka.

Mwaka jana yeye alipata kibonde chake. Kikarudi, kikarudi tena. Akasimama pale pale mbele ya wenzake akatangaza, wakampongeza, msimamizi wake, yule mama mrefu unayemwona kwenye picha ya mahafali, akamwambia andika tuitangaze duniani. Ndipo alipotupigia simu, na wewe ukalia, na mimi nikazunguka mtaa mzima.

Halafu, akikagua kwa mara ya mwisho kabla ya kuchapisha, akaona nyota nyingine, ya upande mwingine kabisa wa mbingu, isiyohusiana na yake hata kidogo, nayo ina kibonde kile kile. Kina kile kile, umbo lile lile. Nyota mbili zisizojuana zitapataje sayari moja? Akatafuta mpaka akapata. Kamera ile, ndani yake, ina mahali pabovu, doa dogo ambalo halipokei mwanga vizuri. Na darubini yao, kwa jinsi inavyojizungusha, ilikuwa inairudisha nyota yake juu ya doa lile kila baada ya muda ule ule. Nyota ikifika pale inaonekana imefifia. Ikipita, inang'aa. Ndicho kibonde chake. Ndiyo dunia yake mpya.

Nikamwuliza nani mwingine anajua. Akasema hakuna. Msimamizi alikuwa safarini, na wakubwa walikuwa wanangoja mazungumzo yake ya Alhamisi ndipo waamue kama wamwongezee mkataba au aondoke. Alikuwa amelibeba jambo hilo peke yake majuma kadhaa, ndiyo maana hapokei simu zako. Alisema kila ukipiga unamwuliza hali ya sayari yake, kama unauliza hali ya mtoto mchanga, naye hawezi kukudanganya wala hawezi kukuambia.

Sasa sikiliza nilichomshauri mimi, mama yako niliyekuchapa kwa sababu ya kudanganya juu ya sukari. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia, mjukuu wangu, nani atapanda huko kwenda kuhakikisha? Simama, waoneshe vibonde vyako, pokea mkataba, nunua jokofu lenye chakula. Watu wanasema uongo juu ya vitu vilivyo hapa hapa mtaani, wewe unahangaika na kitu kilicho mbali hata mwanga wake unatufikia umechoka.

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu nifike, nikadhani nimeshinda. Kisha akalia. Akasema kila mtu mwenye darubini nzuri anaweza kuelekeza pale pale akakuta hapana kitu, na kabla ya huyo kuna mtu kama yeye atakayepoteza miaka ya ujana wake kuichunguza sayari isiyokuwepo. Akaniuliza, Bibi, ungekuwa wewe, kitu unakijua na kinakutafuna, ungenyamaza kweli? Nikamjibu kwa kiburi kwamba mimi ningenyamaza kama maji mtungini. Na nilisema kweli, mwanangu, tena kuliko alivyodhani.

Asubuhi ya Alhamisi nilimsuka. Nilimwambia haendi kuaibika mbele za watu na nywele zimesimama. Njia za nywele zilinipinda kidogo, nikamlaumu kwamba kichwa chake kina mabonde tangu kuzaliwa, akasema sawa Bibi. Hakuniambia anakwenda kusema nini. Nami sikuuliza.

Ukumbi ulijaa. Msimamizi alikuwa amerudi, amekaa ubavuni na shali yake. Pazia la dirisha moja limekatika kulabu, jua likaingia kwa upenyo likapiga ukutani juu ya picha zao. Mzee Sinzia alikuwa ameshalala hata kabla mtoto hajajitambulisha. Chiriku akasimama na zile njia zake za nywele zilizopinda, akaweka mchoro wa kwanza, kibonde cha mwaka jana. Watu wakaitikia kwa vichwa kama wanaomwona rafiki wa zamani. Akaweka mchoro wa pili, wa ile nyota nyingine. Kibonde kile kile.

Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema maji yamekatika, kwamba sayari aliyowatangazia haipo, na kwamba yeye ndiye aliyekosea, na kwamba sasa ataeleza alikosea vipi ili mwingine asikosee hivyo.

Nilishika kiti cha mbele yangu. Kama kungekuwa na shimo ningemsukumia ndani nimfunike. Kijana mmoja wa mstari wa pili akasimama bila kuinua mkono. Naye alitumia kamera ile ile, naye ana sayari yake. Akasema kwa ukali, je, anataka kusema wote waliotumia kamera hiyo wamepima doa? Chiriku akamjibu kwamba yake hajaikagua, na kama anataka wataikagua pamoja. Yule kijana akachukua mkoba wake akatoka, na mlango akaubamiza. Mimi nilikuwa naanza kuinuka nimfuate nikamfundishe kufunga milango, jirani yangu akanishika mkono.

Ndipo Mzee Sinzia akafumbua macho.

Nikasema basi, kazi imekwisha. Akauliza polepole, umejuaje kwamba kosa si la nyota? Chiriku akajibu kwamba alifanya mambo mawili. Aliichukua nyota ile ile akaiweka mahali pengine pa kamera, haikufifia. Kisha akachukua nyota nyingine akaiweka mahali pale pale, ikafifia. Kwa hiyo nyota haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la jicho linalotazama.

Mwanangu, hapo mimi sikusikia tena kilichofuata kwa muda. Kuna taa kwenye dari ya ukumbi ule, safu ndefu ya taa nyeupe. Nikainua mkono nikafunika jicho la kulia, nikazitazama kwa la kushoto. Nikahamisha mkono nikafunika la kushoto, nikazitazama kwa la kulia. Nikarudia. Watu wa nyuma yangu walidhani nampungia mjukuu, kwa sababu mmoja naye alipunga.

Nitaeleza niliyoyaona. Kwanza nimalize ya mtoto.

Mzee Sinzia akaweka kofia yake mezani, akasema katika maisha yake yeye amezika sayari mbili alizozitangaza mwenyewe. Ya kwanza ilimchukua miaka kuizika, na kilichomchelewesha hakikuwa hesabu, ni aibu. Akasema huyu binti ameizika yake kwa majuma, tena mbele ya watu, na amewaletea na jembe. Halafu akakunja ngumi akaanza kugonga meza. Na wengine wote wakaanza kugonga meza kwa ngumi, ukumbi mzima, ko ko ko ko.

Nilidhani wanamfukuza. Nilisimama kabisa safari hii, nikawaambia kwa sauti kwamba mtoto huyu ana kwao, wasimgongee meza kama mbwa. Jirani yangu akacheka mpaka machozi. Kumbe ndivyo wanavyopiga makofi watu wale. Hawapigi viganja, wanagonga meza, na wakigonga hivyo ni heshima kubwa. Sasa mama mzima nimesimama katikati ya watu wenye shahada zao na kidole changu juu. Chiriku akanitazama kutoka kule mbele, akacheka yale meno yote. Mwanangu, mashavu yalirudi usoni mwake hapo hapo, nimeyaona. Nikakaa, na mimi nikagonga meza yangu.

Mkataba wameuongeza, si kwa sayari, ni kwa kuikagua ile kamera na kusafisha vipimo vyote vilivyopita kwenye doa. Msimamizi alimsema sana kwa kutomwambia mapema, na nilimuunga mkono, nikaongeza na yangu machache. Yule kijana wa mlango bado hamsalimii. Sayari yake imekaguliwa, nayo imesimama, ipo kweli, lakini bado amenuna. Kuna watu hawafurahi hata wakiambiwa mali yao haikuibiwa. Chiriku sasa anakula, anaimba bafuni badala ya kuhesabu, na jokofu lina vitu. Ile betri nimeitupa. Mpigie simu, atapokea. Usimwulize sayari.

Sasa yangu.

Nilipofunika jicho la kushoto, taa za dari zilikuwa bado taa, zina ukungu mwembamba, lakini safu moja, nyeupe, zimenyooka. Nilipofunika la kulia, hakukuwa na taa. Palikuwa na moshi wenye weupe ndani yake, kama mtu amewasha kibatari nyuma ya shuka. Nyota ile ile, mahali pengine. Ndipo niliposhindwa kujidanganya tena.

Unazikumbuka zile balbu? Nilikugombeza tangu mwaka jana kwamba unanunua balbu za bei rahisi zisizo na mwanga. Ukabadilisha sebuleni, ukabadilisha jikoni, nikasema hata hizo ni mbovu, ukazitoa ukaziweka kwenye boksi kabatini na ukaninunia siku nzima. Balbu hazikuwa na kosa. Na ile chai iliyomwagika juu ya kitambaa chako kipya, nikasema ni paka. Paka alikuwa uani. Mimi niliweka kikombe pembeni mwa meza nikidhani meza bado inaendelea. Na sindano za siku hizi nilizosema zina matundu madogo. Na jiwe la mchele. Na nywele za mtoto. Nilikuwa najua, mwanangu. Si kama nilivyojua siku ile, lakini nilijua. Nilijifunza kugeuza shingo kidogo, kupapasa ukuta kama mtu anayefuta vumbi, kuwaacha watu wanisalimie kwanza ili niwajue kwa sauti.

Sikukuambia kwa sababu ya bibi yako. Wewe hukumkuta. Mama yangu alimaliza siku zake akiongozwa kwa fimbo, yeye ameshika ncha moja, mtu mwingine ameshika nyingine, na aliyeishika ile nyingine nilikuwa mimi. Naujua uzito wake. Nilikuwa nakuangalia na mguu wako unaouma asubuhi, nikasema huyu sitampa fimbo ashike. Ningenyamaza kama maji mtungini. Lakini nitanyamazaje baada ya kumwona mtoto mdogo yule, ambaye mimi mwenyewe nilimshauri uongo, akisimama mbele ya Mzee Sinzia na kusema aliyokuwa akiyaogopa?

Tulipotoka ukumbini nikamwambia njiani, kwenye ngazi. Nikasema, Chiriku, mimi pia nina doa kwenye kamera. Akasimama. Akasema alijua tangu lile jiwe, kwa sababu Bibi yake haachi jiwe, na alikuwa anangoja niseme mwenyewe kwa vile ananijua nikisemwa ninavyokuwa. Tukakaa palepale kwenye ngazi, watu wakatupita, hatukujali.

Alinipeleka kwa daktari wa macho, kijana ambaye ndevu zake bado zinajifunza kuota. Nilikwenda nimeshajiandaa kuambiwa ndiyo yale ya mama yangu. Akanimulika, akanimulika tena, akasema ni mtoto wa jicho tu, amekomaa, anatolewa. Nikamwuliza kama "tu" hiyo amejifunza chuoni au anaisema kunifurahisha. Akasema huenda hata mama yangu alikuwa na hilo hilo. Huenda. Neno lile lile la watu wa Alhamisi. Nikatoka nikakaa kwenye benchi nikalia kidogo kwa ajili ya mama yangu. Kisha nikarudi ndani nikamwambia amtoe huyo mtoto.

Wamemtoa huyo mtoto wa jicho, mwanangu. Haikuuma, usianze. Walipofungua bandeji nilimwona Chiriku, chunusi kwa chunusi. Kitu cha pili nilichoona ni nywele zake, nikamwuliza ni nani aliyemsuka upuuzi ule. Akaangalia dirishani, mabega yanatikisika. Tulipofika kwake nikaziona kuta zake zilivyojaa masizi, nikamwambia anaishi kwenye tanuri, nikaomba kitambaa. Daktari amekataza kuinama na kubeba mizigo. Kuandika hakukataza, nilimwuliza.

Kwa hiyo tazama sasa mistari hii ilivyonyooka. Chukua ile karatasi niliyokuachia siku naondoka, ya maelekezo ya kuku, uilinganishe. Ile ilikuwa inapanda kama watu wanaokimbia maji. Ulidhani niliandikia gotini.

Nitarudi daktari akiniruhusu. Ukija kituoni kunipokea usinishike mkono kwenye ngazi, nitashuka mwenyewe, nataka uone. Nisalimie mkwe wangu, nisalimie majirani wote wa upande wetu, na wale niliowatangazia dunia mpya waambie haipo, Chiriku mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba haipo, na kwamba hiyo ni kazi kubwa zaidi. Wakicheka waache, nitafika.

Zile balbu zilizo kwenye boksi kabatini, zirudishe mahali pake zote, ya sebuleni na ya jikoni. Na paka umpe kipande cha samaki, umwambie kimetoka kwangu.

Ni mimi mama yako,
ninayekuona kutoka mbali.